Jipu la Baba Mkwe na Nati za Kushoto

Nilizimwaga nati tatu juu ya daftari la mkuu wa gereji lililokuwa wazi mezani, moja ikaviringika ikatumbukia kwenye kikombe chake cha chai. Mtoto alikuwa mgongoni ananilia sikioni. Vumbi la maili kumi na nane lilikuwa limenijaa hadi kwenye kope. Mkuu wa gereji hakuinuka. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi, akasema:

"Mama, gari si chungu cha mboga. Mwite mwenye gari tuzungumze naye. Wewe kamnyonyeshe mtoto."

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilimwambia, "Mtoto ameshanyonya. Amenyonya kando ya barabara, gari limelala ubavu, kwa kazi ya mikono yenu." Nilisema na mengine ambayo hayaandikiki, maana karatasi hii itapita mikononi mwa watu wa kanisani.

Tangu nirudi hapa Ipole, wenzangu, mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje. Josefina ameniuliza mara mbili wakati wa ibada. Basi naandika mara moja, mpokezane, mniache nichambue mboga yangu.

Ipole hadi Sikonge

Gari lenyewe mnalijua. Tunaliita jipu, na wageni hucheka kwamba tumelipa gari jina la ugonjwa, nasi hujibu kwamba wamepatia, maana kila mwezi lazima litumbuliwe. Baba mkwe alikuwa dereva wa jeshi wakati wa vita, akafika Burma, na aliporudi akalipata likiwa chakavu. Analipenda kuliko ng'ombe.

Sababu ya safari ilikuwa wifi yangu Yusta, binti yake wa mwisho. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa nane. Watoto wake wawili wa kwanza walifariki wakati wa kuzaliwa, na wa pili alizaliwa ndani ya mkokoteni wa ng'ombe, katikati ya pori. Nesi wa zahanati alimwambia bila kumung'unya: safari hii utazaa hospitali Tabora, tena ufike huko kabla mvua hazijaikata barabara. Lori la kuchukua asali na nta lilikuwa limemaliza safari zake za mwaka. Lililobaki ni jipu.

Na jipu halikuwa na miguu. Ringi mbili zilikuwa na nyufa. Tairi alizozipata baba mkwe zilikuwa pana kuliko zile za asili, nzuri kwa mchanga, lakini ukikata kona zinasugua springi. Kona ya kulia, harufu ya mpira. Kona ya kushoto, harufu ya mpira. Tairi moja ilikuwa imelika ubavuni mpaka nyuzi zinaonekana. Dawa ilikuwa kupata ringi nzima mbili, pamoja na vile vyuma vya mviringo vinavyowekwa nyuma ya ringi ili gurudumu lisogee nje kidogo. Mafundi wa mjini huviita spesa.

Kabla ya kuondoka nilizipaka springi majivu, baba mkwe akazungusha usukani hadi mwisho, nikaona mahali tairi ilipoyafuta majivu. Nikapima kwa uzi, nikafunga fundo: ilihitajika nafasi ya vidole viwili. Kisha nikachukua ukurasa wa kalenda ya zamani, nikaubandika kwenye ekseli, nikachora matundu matano ya bolti kama yalivyo. Mama mkwe alisimama mlangoni akanitazama.

"Mzee akifika mjini hukubali kila anachoambiwa," alisema. "Wewe ulisomeshwa mpaka sekondari kwa ajili gani? Nenda ukabishane."

Mume wangu alikuwa porini kwenye mizinga ya nyuki. Kwa hiyo tulisafiri mimi, baba mkwe, na Sofia wangu wa miezi minane. Na mnajua kwetu mkwe wa kike haketi ubavuni mwa baba mkwe, wala hamwambii neno usoni. Niliketi nyuma, mgongo kwake, na maneno yetu yakapitia kwa mtoto.

"Sofia, mwambie babu yako kona ile tumeikata kwa haraka."

"Sofia, mwambie mama yako babu aliendesha Burma, matope yanamfika kifuani."

Sofia alikuwa mjumbe mwaminifu. Hakuongeza neno wala hakupunguza.

Sikonge tulisimama ili injini ipoe. Mama mmoja muuza matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, akaweka kikapu chake juu ya boneti, akanichungulia kule nyuma, kisha akamgeukia baba mkwe: "Mzee, shikamoo. Mbona mke wako umempakia kama mzigo wa nta?"

Baba mkwe hakuitikia hata marahaba. Aliruka ndani, akawasha gari, akaondoka, na kikapu kiko palepale juu ya boneti, mama yule anakimbia nyuma yetu akipiga kelele za mwizi. Mimi ndiye niliyemwona. Lakini nilikuwa nacheka mno, Sofia hakuweza kufikisha ujumbe. Tuliporudisha kikapu ikabidi tuketi tule, tuombe radhi, tueleze ukoo wote. Matobolwa yalikuwa matamu, laini, yanavutika kama asali. Saa mbili zikapotea.

Tabora

Gereji ile siitaji jina hapa. Jina nimeliandika panapostahili. Tuliagiza spesa nne. Kijana wa stoo akatokomea, na baada ya muda mrefu akarudi anaviringisha gurudumu la akiba la lori, kubwa kunizidi kimo.

"Spea hii moja tu ndiyo iliyopo," akasema. "Tatu mje wiki ijayo."

"Spesa," nikasema. "Si spea. Spe-sa."

"Ndiyo, spea."

Nikaona nitumie Kiswahili cha nyumbani. "Nataka kitu cha kusogeza magurudumu nje, ili gari lisimame limetanua miguu."

Jamani! Gereji nzima ililipuka. "Mama anataka gari litanue miguu!" Mmoja aliyekuwa chini ya lori alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye chuma, akatoka na nundu. Sikumpa pole.

Walichotuletea mwisho ni pete za chuma, nene kama kidole, zina matundu matano, basi. Nikauliza, "Bolti zake ziko wapi?"

"Zinatumika zilezile za gari."

Nikawaambia wangoje. Nilichukua nati moja, nikaifunga bila pete, nikihesabu: ilizunguka mara kumi na mbili hadi ikakaza. Nikaivua, nikaweka pete, nikaifunga tena. Mara nne. Pete ilikuwa imeula urefu wa bolti. "Gurudumu litashikwa na mizunguko minne?" nikauliza. Mkuu wa gereji akasema magari yote mjini yanatembea hivyo, na kwamba ringi zenyewe tutapata mwezi ujao. Kwa sasa zile zenye nyufa atazichomelea. Baba mkwe akatikisa kichwa kukubali, kama mama mkwe alivyotabiri.

Lakini jambo moja mzee alilijua. Jipu lile la jeshi, bolti zake za upande wa kushoto zimekatwa kinyume. Nati zake hukazwa kwa kuzungusha kushoto, si kulia kama nati nyingine duniani. Akamwambia fundi, "Kijana, za kushoto, kaza kushoto."

"Ndiyo, mzee. Za kushoto nitazikaza."

Mnasikia? Mmoja anasema jinsi ya kuzungusha, mwingine anasikia upande wa gari. Wakaelewana kabisa, kila mtu na lake. Mara akatokea mtu aliyekuwa vitani na baba mkwe, wakakumbatiana, wakaenda zao kula pilau.

Nilibaki. Fundi wa kwanza alizianza nati kwa vidole, na vidole vyake vikafuata njia ya bolti, ikawa sawa. Kisha akaja wa pili na spana ndefu "kumalizia." Alilizunguka gari lote na kila nati aliivuta kulia. Za kulia zikakaza. Za kushoto, zilizokuwa na kutu, zikalia kwi, zikarudi nyuma.

"Fundi, hizo unazilegeza."

"Husikii zinavyolia? Ndiyo kukaza huko."

Nikamwonyesha mwisho wa bolti palipogongwa herufi L. "Soma hapa. L. Maana yake kushoto kwa Kiingereza."

Akaipangusa kwa kidole gumba, akaitazama kwa heshima. "Hiyo ni London," akasema. "Ndiko linakotengenezwa."

Sasa nitasema kosa langu. Baba mkwe aliporudi, Sofia alikuwa amelala mgongoni. Sikuwa na wa kumtuma. Wanaume wamejaa, mwenzake wa vitani amesimama pale, nami nikaona haya kumfumbulia mkwe wangu mdomo mbele za watu. Nikasema hewani, "Nati za kushoto zimezungushwa kulia." Yeye akadhani nagombana na mafundi, akatazama pembeni kwa adabu. Nami nikapanda gari nikanyamaza. Nilikuwa najua, nikanyamaza. Niliogopa aibu kuliko kifo cha mwanangu.

Maili kumi na nane

Wa kwanza kuliona gurudumu alikuwa baba mkwe. Lilitupita upande wa kushoto, limesimama wima, linakwenda zake barabarani kwa furaha.

"Hilo la nani tena?" akasema.

"Baba!" nikapiga kelele, mbele ya Mungu na bila mjumbe. "Ni letu! Breki!"

Jipu likaangukia pua, likalima barabara, likajilaza ubavu kwenye majani taratibu kama ng'ombe anayetafuta usingizi. Tulitoka tukiwa wazima. Sofia alipata nundu ya paji la uso, kubwa kama yai la njiwa, nikaikanda kwa pindo la kanga. Kama angekuwa Yusta mle ndani na tumbo lake, nisingekuwa naandika haya.

Kutoka vichakani akaja mfugaji analiviringisha gurudumu letu kwa fimbo, ng'ombe wake nyuma. "Mwangaluka," akasalimu, kisha akauliza kwa utulivu, "Mnaliuza?" Tulipomweleza akalia kwa kicheko, halafu akatuletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Yeye na ndugu zake ndio walioliinua jipu likasimama. Nilitafuta nati mchangani nikapata tatu. Bolti mbili zilikuwa zimenyolewa meno.

Baba mkwe alikaa chini akashika kichwa. Bila kumtuma Sofia, akasema akitazama ardhi: "Mwanangu, uliniambia pale gereji, sivyo?"

"Niliambia hewa, baba."

"Siku nyingine niambie mimi."

Yeye akabaki kulinda gari. Mimi nikapata lori la kuni lililokuwa linaelekea Tabora, nikakaa juu ya kuni na mtoto. Ya pale gereji mmeshayasikia. Walichonijibu mwisho ni kwamba tulikimbiza gari.

Nilikuwa nimefika barabarani nikasikia mtu ananikimbilia. Alikuwa yule fundi aliyegonga kichwa, nundu yake na ya Sofia zikatazamana. "Dada," akasema, "nisamehe kicheko. Nenda Igalula, umuulize Fundi Idi, mstaafu wa karakana ya reli. Anazo spesa za jeshi, zenye bolti zake zenyewe. Usiseme nimekutuma mimi." Nundu nyingine huzaa akili.

Igalula

Treni ilichelewa nusu siku kwa sababu ambayo kila mtu stesheni aliijua tofauti. Nilikula karanga na kusikiliza wanaume wakinifundisha magurudumu.

Fundi Idi alikuwa mzee wa kutoka Ujiji, mwembamba, kanzu ina madoa ya grisi. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwanangu. Gari liko wapi?" "Limekaa porini, njia ya Sikonge." "Sasa nitapimaje?" Nikamtolea ukurasa wa kalenda na uzi wenye fundo. Aliutandaza ule ukurasa juu ya spesa yake, matundu yakaoana yote matano. Akanitazama juu ya miwani. Jamani, acheni nijisifu: sijawahi kutazamwa vile hata siku nilipopokea cheti.

Spesa zake zilikuwa nene, vidole viwili kamili. Kila moja ilifungwa kwenye ekseli kwa nati zake, na ilikuwa na bolti zake tano za kushikia gurudumu, ndefu, meno mazima. Mbili kati ya nne zilikuwa na herufi L. Akaniongezea na bolti mbili za kubadili zile zilizonyolewa meno, pamoja na nati tano. "Unajua kwa nini?" akaniuliza. "Gurudumu la kushoto likienda mbele, ukilitazama kwa nje, huzunguka kushoto. Waliozitengeneza waliogopa mwendo usije ukazifungua nati."

Kisha tukaenda kwenye lundo la ringi. Alinichagulia mbili zinazotokeza sana nje. "Gari litasimama kama dume la nyati," akasema.

"Spesa imeshanipa vidole viwili," nikamwambia. "Nikiongeza na ringi hizo, usukani utakuwa mzito na beringi zitakufa. Nipe ringi kama zile za asili. Gari la kumbeba mjamzito halihitaji kupendeza."

Akacheka hadi akakohoa. Akanionyesha nne za asili, moja imepakwa rangi mpya inang'aa. Hapo nikafanya kile tunachofanya sote sokoni tukinunua vyungu: nikaninginiza kila moja kwa kamba, nikaigonga kwa kijiwe. Tatu ziliitika nginnn, zikaendelea kulia. Ile ya rangi mpya ikasema du, ikanyamaza. Akakwangua rangi kwa kisu. Ufa ulikuwa chini yake, mrefu kama kidole changu.

"Mimi mwenyewe sikuujua huo," Fundi Idi akasema, na nikamwamini. "Nani amekufundisha?"

"Mama yangu. Kwa vyungu."

Kurudi, mkaguzi wa treni alizitazama ringi mbili na spesa nne miguuni pangu, mtoto juu yake. "Mama, gari lako limebaki wapi?" "Limetangulia," nikasema. Akapita.

Njiani hadi Ipole, na kurudi

Nilimkuta baba mkwe amenenepa kwa maziwa ya wafugaji. Tulifunga pamoja, hadhara ya ng'ombe na wenyewe ikitutazama. Tulipofika upande wa kushoto alinipa spana mkononi mwangu, si kuiweka chini niiokote. Nikazungusha kushoto, yeye akihesabu kwa sauti kama jeshini. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Nati ya ishirini ilipokaza, wafugaji wakapiga vigelegele vya kiume visivyo na mpango.

Tukaingia Ipole. Siku ya tatu mawingu yakasimama, tukampakia Yusta juu ya magodoro mawili, nami nikakaa mbele. Ndiyo, mbele, ubavuni mwa baba mkwe, na waliosema wakasema. Mtu anayesikia magurudumu lazima akae panaposikika. Mvua ilitukuta baada ya Sikonge. Kona baada ya kona, hakuna harufu ya mpira. Kila baada ya maili kumi nilishuka na spana kwenye matope nikajaribu nati zote, na hakuna hata moja iliyosogea.

Yusta alijifungua hospitali siku ya nne, mtoto wa kike, analia kama filimbi ya treni. Siku ya tano nikaenda boma, ofisini kwa DC, kuishtaki ile gereji.

Boma

Karani alisema lalamiko lazima litoke kwa mwenye gari, si kwa mkwe wake. Baba mkwe akasogea mezani. "Andika jina la huyu," akasema. "Mimi gari likiharibiwa nilikuwa nakula pilau."

Karani akaniuliza kama niandikiwe. Nikamwambia anipe kalamu. Niliandika hivi:

*Kwa Bwana DC, Tabora.*

*Bwana,*

*Mimi ni Klara, mama wa Sofia, wa Ipole. Nalalamika juu ya gereji niliyoitaja kwenye bahasha. Walituuzia spesa zisizo na bolti, nati zikashika kwa mizunguko minne badala ya kumi na mbili. Nati za upande wa kushoto walizilegeza kwa spana wakidhani wanakaza. Niliwaonyesha herufi, hawakutaka kusoma. Gurudumu lilichomoka maili kumi na nane kutoka mjini. Ndani ya gari alikuwamo mtoto wa miezi minane.*

*Mimi nililiona kosa kabla ya kuondoka nikanyamaza kwa haya. Hilo nimeliandika ili lisije likasemwa na wao kwanza.*

*Sidai fidia. Naomba gereji hiyo iamriwe jambo moja. Fundi akimaliza kufunga gurudumu la gari lolote, na apande ndani ya gari hilo, aendeshwe maili ishirini, ndipo mwenyewe aruhusiwe kulichukua. Kama fundi ana mtoto, ampakate.*

*Klara.*